Daktari kaniandikia niupeleke mgongo kwa mwanasaikolojia. Wakuu, nimekuwa chizi?

#1 Dereva wa Semi
Wakuu salaam.

Mimi ni dereva wa malori, njia yangu Dar mpaka Tunduma, nikivuka naishia Kasumbalesa. Huu mwaka wa sita mgongo unaniuma, huku chini kwenye kiuno, unashuka paja la kushoto mpaka nyuma ya goti. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa. Nimechuliwa, nimekandwa, nimepigwa chuku. Mwezi uliopita nikajichanga nikapiga MRI, majibu yakaja: diski mbili, zile za katikati ya pingili za mgongo, zimetokeza. Nikasema afadhali, adui kaonekana.

Nampelekea daktari bingwa. Anaangalia picha kama anaangalia menyu ya hoteli, ananiuliza nalala saa ngapi, nyumbani kukoje, kazi ikoje. Halafu ananiandikia karatasi niende kwa mtu wa saikolojia. Kasema mgongo hauna shida.

Kwa hiyo miaka sita nilikuwa naigiza? Karatasi nimeikunja iko kwenye dashibodi. Mwenye uzoefu aseme.

#2 Kidole Juu
Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 Sindano Butu
Mkuu hapo umepigwa. Diski zimetokeza unazionea kwa macho halafu unaambiwa hauna shida? Tafuta hospitali nyingine, ufanyiwe upasuaji mapema kabla hujapooza. Jirani yangu alidharau hivyohivyo, leo anatembelea magongo.

#4 Mnyoosha Viungo
Sindano Butu, taratibu, usimtishe mtu.

Kazi yangu ni hii ya kunyoosha watu viungo, mwaka wa 14 sasa. Nianze na hiyo picha. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo HAUWAUMI. Wenye miaka 20, asilimia 30 diski zao zilikuwa zimetokeza. Wenye miaka 40, nusu. Wenye miaka 80, asilimia 84. Ni kama mvi. Sasa wewe una mvi na unaumwa kichwa, je, ni mvi zinazouma?

Sisemi diski haziumi kabisa. Zinauma, hasa mwanzoni, na maumivu ya kushuka mguuni yanaweza kuwa ni neva (mshipa wa fahamu) imebanwa. Lakini nyingi hutulia ndani ya miezi. Yakipita miezi mitatu tunayaita maumivu sugu, na yakifika miaka sita kuna kitu kingine kimeongezeka juu yake. Fikiria mlinzi wa usiku aliyeibiwa mara moja. Tangu siku hiyo paka akipita anapiga filimbi, jani likidondoka anapiga filimbi. Filimbi ni ya kweli na mtaa mzima hamlali. Mwizi ndiye hayupo.

Neva na uti wa mgongo na ubongo hufanya hivyo. Hakuna aliyesema unaigiza.

#5 Kidole Juu
Kwa hiyo tumfukuze mlinzi?

#6 Mnyoosha Viungo
😂 Hapana, unamfundisha upya. Ndiyo hiyo karatasi yake.

#7 Nesi wa Kagera
Naungana na #4 ila naongeza breki. Kabla mtu hajapelekwa kwa saikolojia ahakikishwe hana dalili mbaya: homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka wenyewe. Ukiwa na mojawapo usisome uzi, nenda hospitali leo.

#8 Mama Pacha
Nesi asante kwa hilo, maana mimi ni yule aliyepuuzwa. Mwaka mzima kila kituo naambiwa "mama una mawazo", "mama pumzika", nikapewa na dawa za usingizi. Mapacha walikuwa wadogo, kwa hiyo mawazo nilikuwa nayo kweli, siwezi kukataa. Nikaanza kukonda, kinundu kikatokeza mgongoni. Ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Nimemeza dawa miezi 12, nimepona ila nimebaki nimeinama kidogo.

Kwa hiyo mkisema "akili" mimi moyo unanidunda. Kwa mwanamke ndiyo jibu la kwanza linalotolewa.

#9 Mnyoosha Viungo
Mama Pacha, pole sana. Hapo hatubishani kabisa.

#10 Mtu wa Mji wa Kale
Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku mtu akiumwa miaka sita haulizwi diski, aulizwa amekwenda kwa nani. Shangazi yangu alikuwa na maumivu ya bega, akasomewa ruqya (aya za Kurani za tiba), akanywa kombe (maji yaliyooshewa aya), akapigwa hijama (chuku ya kutoa damu). Bega likatulia. Madaktari walikuwa wameshindwa. Wewe dereva, njia zile walala porini, wajua umekanyaga nini?

#11 Sindano Butu
Hijama ni kutoa damu chafu. Sayansi imeshathibitisha.

#12 Nesi wa Kagera
Haijathibitisha "damu chafu". Damu inayotoka kwenye vikombe ndiyo hiyohiyo inayozunguka mwilini. Watu wengi husema wanapata nafuu ya muda, sibishi. Angalieni tu kiwembe ni kipya.

#13 Mnyoosha Viungo
Nafuu ina maelezo. Mwaka 1965 Melzack na Wall walitoa nadharia ya lango: kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, na hisia za kuguswa, kusuguliwa au kuvutwa ngozi zinaweza kulifunga kidogo ili maumivu yasipite yote. Ndiyo maana ukijigonga kidole kwenye meza unakimbilia kukisugua, hakuna aliyekufundisha. Na ubongo nao una mkono wake kwenye geti hilo, unaweza kulibana au kuliachia. Kuchua, chuku, maji ya moto, vyote vinapita hapo.

#14 mjukuu_wa_fundi
Mnasahau Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa kikombe cha dawa. 2012 bibi yangu alibebwa kwenye Noah kutoka Singida, magoti hayakunjiki. Alilipa elfu moja akanywa kikombe. Aliporudi alikuwa anatembea mwenyewe mpaka kisimani. Mtaniambia nini?

#15 Kidole Juu
Ilikuwa 2011 mkuu, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Hiyo nyingine bibi kanywea soda.

#16 mjukuu_wa_fundi
😂😂 Sawa, 2011. Lakini alitembea.

#17 Nesi wa Kagera
Kwa muda gani?

#18 mjukuu_wa_fundi
Kama wiki tatu hivi. Halafu magoti yakarudi.

#19 Sindano Butu
Kwa hiyo ni imani tu, alijidanganya.

#20 Nesi wa Kagera
Hapana, hapo ndipo watu wanapokosea. Mwaka 1978 kuna jaribio lilifanywa kwa watu waliong'olewa magego. Walipewa dawa isiyo dawa, baadhi wakapata nafuu. Halafu wakapewa naloksoni, ambayo inazuia kazi ya morfini, ile dawa kali ya maumivu. Nafuu ikapungua! Maana yake mwili ulikuwa umetengeneza vitu vyake vya aina ya morfini, na naloksoni ikavizuia. Bibi hakujidanganya. Mwili wake ulifanya kazi kwa wiki tatu.

Tatizo la Samunge, kijijini kwa Babu, lilikuwa jingine. Wapo walioacha ARV na dawa za kisukari wakaamini wamepona. Goti halikuui. Sukari inaua.

#21 Mrozari
Nimekuwa nasoma kimya, ngoja nitoe yangu. Nilipata mkanda wa jeshi 2017, upande wa kulia wa mbavu. Vipele vikakauka kwa wiki tatu, maumivu yakabaki. Mpaka leo. Shati likinigusa ni kama mtu ananipitishia pasi. Huko kanisani (silitaji) nikawekewa mikono mara tatu. Mara ya tatu mhudumu akaniambia mbele ya watu: ndugu, wewe ndiye unayezuia, huna imani. Nikarudi nyumbani na maumivu mawili.

Kilichonisaidia ni vitu viwili. Kwanza amitriptilini nusu kidonge usiku. Daktari alinieleza mapema kuwa ni dawa ya sonona ya zamani ila kwa dozi ndogo inatuliza neva, maana ningesoma karatasi mwenyewe ningeitupa. Cha pili msinicheke: rozari. Sisali nipone tena. Nasali polepole, nafuata pumzi. Maumivu hayaondoki ila yanasogea pembeni, kama mgeni aliyekaa sebuleni muda mrefu mpaka mnaendelea na mambo yenu.

#22 Ustadh Msafiri
Mrozari, pole, na aliyekuambia huna imani hakukutendea haki. Kwetu Nabii Ayubu hakuumwa kwa sababu ya upungufu wa imani. Na tunafundishwa kuwa hata mwiba ukimchoma Muislamu anafutiwa madhambi kwa huo.

Mtu wa Mji wa Kale, mimi nasoma ruqya miaka mingi, nasema bila kuficha: wanaokuja na mgongo wengi wana mgongo. Nasoma, nawaombea, halafu nawaambia warudi kwa daktari. Anayekuambia acha dawa kwa sababu ana aya, mkimbie. Dhikri taratibu ba'ada ya alfajiri inatuliza kifua, hiyo naiona kila siku. Ila jini wa pingili ya tano, hiyo madaktari wanayoiita L5, simjui.

#23 Kidole Juu
Jini L5 😂😂😂

#24 Mtu wa Mji wa Kale
Ustadh leo wanivunjia soko.

#25 Mnyoosha Viungo
Mrozari, rozari yako ina utafiti. Kuna Waitaliano walichapisha 2001: watu 23 wakisali Ave Maria kwa Kilatini, kupumua kwao kulishuka mpaka karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mpangilio mzuri. Wakisoma mantra za yoga, yale maneno ya kurudiarudia, ikawa hivyohivyo.

#26 Nesi wa Kagera
Walikuwa wazima lakini. Walipima pumzi na moyo, hawakupima maumivu. Tusiuze kuliko kilichopo.

#27 Mnyoosha Viungo
Kweli, nakubali. Basi chukueni hii ya wagonjwa wa mgongo hasa. Marekani 2016, watu 342 wenye mgongo sugu. Kundi moja lilifundishwa kutuliza akili na kuusikiliza mwili, njia iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts 1979. Jingine lilipata tiba ya mazungumzo, hiyo ya wanasaikolojia. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Wiki ya 26, walioongeza uwezo wa kufanya shughuli zao kwa kiwango cha maana walikuwa asilimia 60.5, 57.7 na 44.1 kwa mpangilio huo.

#28 Kidole Juu
Yaani ambao hawakuongezewa kitu nao 44? Basi naungana na hao, bei nafuu.

#29 Sindano Butu
Na hiyo kutuliza akili si ibada ya Kibudha? Mkristo unakaa unafumba macho unasikiliza kisigino?

#30 Mrozari
Sindano, mimi nakaa nafumba macho nasali. Kisigino nakisikia tu bila kukiita.

#31 Baba Imani
Mmezungumzia mgongo tu. Binti yangu ana miaka 11, ana selimundu (sikoseli). Anapopata kipindi cha maumivu hakuna dhikri wala rozari, ni hospitali, maji na dawa kali. Nasema hivyo ili asije mtu akasoma hapa akamkanda mtoto nyumbani.

Lakini katikati ya vipindi ndipo tulipojifunza. Sasa hivi yuko kwenye dawa ya haidroksiyurea, vipindi vimepungua. Shule walikuwa wanasema anadeka kwa sababu leo analia kesho anaruka kamba. Mama yake akambunia daftari: kila siku anachora jua, wingu au mvua. Mwalimu akiona mvua hamuulizi. Siku za jua zamani alikuwa anacheza mpaka anaanguka, kesho yake mvua. Tukamwekea saa: dakika 20 anacheza, anakaa, anakunywa maji, anarudi. Saa ndiyo inamwambia kaa, hasubiri mwili umwambie.

#32 Mnyoosha Viungo
Baba Imani, sisi tunasomea miaka kuwafundisha watu hicho alichobuni mkeo. Watu wazima siku nzuri wanafua nguo za mwezi mzima, halafu wanalala siku tatu.

#33 Mama Pacha
Hapo umeniona kwenye CCTV.

#34 Dereva wa Semi
Wakuu nimerudi, nilikuwa foleni ya Tunduma siku mbili, mtandao unakuja unapotea.

Nimesoma zote. Mnyoosha Viungo, Nesi, asanteni. Niwe mkweli, nimeitafuta tena karatasi. Daktari hakuandika "hauna shida". Kaandika picha haielezi maumivu yote. Nilisikia nilichosikia.

Kuna kitu sikukisema. Mgongo ulianza 2019, wiki chache baada ya ajali Mlima Kitonga. Mimi nilitoka bila mchubuko. Utingo wangu hakutoka. Alikuwa na miaka 23. Eksirei nilipigwa siku ileile, safi.

#35 Mtu wa Mji wa Kale
Basi hapo hapo. Damu ya mtu. Kafanye dua, chinja, uwape maskini wale.

#36 Sindano Butu
Eksirei haioni diski. Uliumia siku ile haikuonekana. Ni ajali hiyo.

#37 Mnyoosha Viungo
Inawezekana. Inawezekana pia ni mtikisiko wa kiti, miaka na miaka kwenye lori. Mtikisiko wa gari kubwa unajulikana kuchosha kiuno.

#38 Mwalimu wa Zamu
Na huzuni. Cicely Saunders, yule mama wa Kiingereza aliyefungua hospisi (nyumba ya kuhudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's London 1967, alikuwa akisema kuna maumivu ya jumla: ya mwili, ya moyo, ya pesa na familia, ya roho, yote kwenye fungu moja. Ukimpa mtu dawa ya fungu moja tu anaendelea kulia.

#39 Nesi wa Kagera
Huyo alikuwa na wanaokufa kwa saratani. Ila wazo linafaa. Jirani zetu Uganda walilichukua kwa vitendo: tangu 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuandika morfini, inatengenezwa ya maji. Ni ya saratani na mfano wake. Mgongo wa miaka mingi si wa morfini wala ndugu yake tramadoli, mtakuja kupata tatizo la pili.

#40 Sindano Butu
Tramadoli mbona madereva wanazimeza kama karanga?

#41 Dereva wa Semi
Wanazimeza. Nimeshawahi. Usingizi kwenye usukani si mchezo, niliacha.

Na wakuu, sikumtaja yule kijana ili mpate sababu. Nimeona kila mtu kachukua kipande chake. Nilimtaja kwa sababu daktari aliniuliza nyumbani kukoje na nikasema kuzuri.

#42 Mrozari
Tumekuelewa kaka.

#43 Baba Imani
Rafiki zake Ayubu siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Samahani dereva.

#44 Kidole Juu
Na mimi nafunga mdomo. Kwa leo.

#45 Fundi Godoro
Habari za jioni. Je, godoro lako ni la inchi ngapi? Wengi wanaumwa mgongo kwa sababu ya godoro. Njoo PM.

#46 Kidole Juu
Ndiyo huyo mwizi ambaye mlinzi alikuwa anampigia filimbi.

#47 Mama Pacha
*(miezi minne baadaye)* Nafufua uzi. Dereva, ulikwenda? Mgongo vipi?

#48 Dereva wa Semi
Mama Pacha, upo.

Nilikwenda mara tano. Nilijua nitalazwa kwenye kochi niulizwe utoto wangu. Yule dada aliniuliza naweza kukaa kwenye usukani dakika ngapi kabla haujaanza. Nikasema 90. Akasema simama kila ya 60, hata kama hauumi. Kama yule binti wa Baba Imani. Bosi alinuna, sasa kazoea. Mazoezi aliyonitumia Mnyoosha Viungo PM nafanya ninapokumbuka, yaani si sana. Diklofenaki nimeshuka kutoka kila siku mpaka siku mbaya tu. Usiku nalala saa tano mfululizo, zamani tatu.

Mwezi uliopita nilipita Makambako nikaingia kwa mama yake yule kijana. Sikuwa nimekwenda tangu mazishi. Alinitandikia mkeka, tukakaa karibu saa tatu, akanipa ugali. Nilipoinuka ndipo nilipokumbuka kuwa nina mgongo.

#49 Ustadh Msafiri
Allah akulipe kwa kumzuru. Hilo ndilo lililokuwa linakudai.

#50 Mnyoosha Viungo
Saa tatu chini, unabadilisha mkao kila mara, hujakaa kwenye kiti kinachotikisika. Mimi ningetegemea hivyo.

#51 Sindano Butu
Alikuwa hajaendesha siku ngapi? Huenda alikuwa kapumzika.

#52 Mtu wa Mji wa Kale
Ugali wa mama wa marehemu una baraka. Nilisema tangu mwanzo alishwe mtu.

#53 Nesi wa Kagera
Ulisema ALISHE maskini, si alishwe yeye.

#54 Mama Pacha
Na kesho yake?

#55 Dereva wa Semi
Kesho yake uliniuma kama kawaida mpaka Mbeya.

#56 Fundi Godoro
Mkeka wa ukindu au wa plastiki?

#57 Dereva wa Semi
Plastiki.